Serikali Mtandao Ivuke Maji

Tangu mwaka 2017, mfumo wa malipo ya Serikali humpa mlipaji namba maalumu, akalipa ada au ushuru wake kwa simu. Kwa mvuvi wa kisiwa cha Rukuba, jambo hili si anasa. Safari ya kwenda Musoma na kurudi ni mafuta na siku nzima ya kazi. Ziwa likichafuka, ni roho pia.

Lakini kulipa ni nusu tu ya uhusiano wa raia na Serikali yake. Nusu ya pili ni kusikilizwa. Mfumo wa e-Mrejesho umewekwa ili mwananchi apeleke malalamiko na maoni yake, na mwenye simu ya kawaida hufikia huduma za Serikali kwa kubonyeza *152*00#, bila intaneti. Njia ipo. Je, mwishoni mwa njia hiyo yupo wa kujibu?

Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Funzo lilikuwa wazi: mwananchi hahudumiwi vema kutoka mbali.

Basi, maofisa wa Musoma, Bunda na Butiama hawana budi kuhakikisha kuwa mtandao hauleti umbali mpya. Kila lalamiko lisomwe na lijibiwe, na majibu yanayowahusu wote yabandikwe mwaloni, wayaone hata wasio na simu. Serikali iliyo hodari wa kupokea fedha iwe hodari vilevile wa kupokea hoja.