Mgonjwa wa Kifua na Mwenye Kumpima



Wenzetu wa upande wa Tongoni wametuuliza zaidi ya mara moja: mbona mgonjwa wa kifua akifikishwa hospitali, mwenye kumpokea hakimbilii dawa? Husimama kitambo akimtazama tu, wala haulizi neno, na jamaa waliokodi gari usiku wakamleta hupandwa na hasira, wakaona wamedharauliwa. Twapenda kulieleza jambo hili, kwa kuwa kimya kile ni sehemu ya kazi, na mengi ayatazamayo mpimaji hata sisi majumbani twaweza kuyatazama.

Marekani na Canada kazi ya kupima na kutibu pumzi ina watu wake maalumu, wenye masomo yao na chama chao. Chama cha Marekani kilianzishwa Chicago mwaka 1947, na wengi wa watu wa mwanzo wa kazi hiyo walikuwa watumishi wa kusukuma mitungi ya oksijeni wodini. Hatuoni ajabu, hata vyama vya wakulima huanzishwa na wabeba magunia. Kwetu sisi kazi hiyo hugawanywa baina ya daktari, tabibu, mwuguzi na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hapa tutamwita mpimaji, awaye yote.

Kwanza huhesabu pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mpimaji huhesabu dakika nzima, wala hamwambii mgonjwa, kwani mtu akijua pumzi zake zahesabiwa huzibadili bila kukusudia. Ndiyo maana wengine hushika kifundo cha mkono kana kwamba wahesabu mapigo ya moyo, kumbe macho yao yako kifuani. Kwa watoto hesabu ni nyingine. Mchanga asiyetimiza miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka mno. Tangu miezi 2 mpaka karibu na mwaka, 50. Tangu mwaka 1 mpaka 5, 40. Mtoto ahesabiwe akiwa ametulia, si akilia. Na kama sehemu ya chini ya kifua chake yabonyea ndani kila avutapo pumzi, msingoje asubuhi.

Huku akihesabu, hutazama mkao. Mwenye kukosa pumzi huketi ameinama mbele, mikono magotini, mabega juu. Hakufundishwa na mtu. Mwili umejichagulia mkao huo ili misuli ya shingo na mabega ikisaidie kifua. Basi msimlaze chali. Kutoka Tongoni hadi hospitali ya Bombo mjini Tanga ni kiasi cha kilomita 20, na mgonjwa aliyelazwa kiti cha nyuma kwa mapenzi, kichwa mapajani mwa dada yake, aweza kuzidiwa njiani kwa sababu ya kule kulazwa. Aketi, ainame, ashike kiti cha mbele, na dirisha lifunguliwe. Wala asilazimishwe uji.

Kisha mpimaji huamkia: “Shikamoo mzee, umelalaje?” Swali hilo si adabu tu. Asikiliza jibu lafika wapi kwa pumzi moja. Mzee akisema, “Marahaba mwanangu, usiku kucha sikulala,” pasipo kukatika, bado ana nafasi. Akisema “Marahaba,” akavuta pumzi, “mwanangu,” akavuta tena, hali yake ni ya hatari. Na hapo ndipo sisi jamaa tuharibupo, kwa kumjibia. Kijana adhani amsaidia baba yake, kumbe amekificha kipimo. Mwacheni aseme mwenyewe maneno mawili matatu. Mpimaji mwema akishayasikia hatamchosha. Ataketi uso kwa uso naye, atamwuliza maswali ya kujibiwa kwa kutikisa kichwa, na habari ndefu atawauliza ninyi.

Tena liko jambo ambalo twaomba lisomwe kwa sauti barazani. Kifua cha mwenye pumu hulia kama filimbi, na watu wa nyumbani hungoja mlio ule ukome. Ukikoma naye amekunjua uso, aongea, aomba chai, alhamdulillahi. Lakini ukikoma naye amelegea, asinzia, maneno hayatoki, hiyo si nafuu. Ni kwamba hewa ipitayo imekuwa ndogo hata haitoshi kupiga filimbi. Watu husema, “Amepata usingizi, mwacheni apumzike.” Mpimaji akikikuta kifua kimya namna hiyo huita wenzake mbio.

Baadaye huja chombo cha masikioni. Daktari Laennec wa Paris, mwaka 1816, aliona haya kuweka sikio kifuani mwa msichana mgonjwa. Akakunja karatasi kama bomba, akasikia vizuri kuliko zamani. Basi chombo hiki kimezaliwa na haya, na mama zetu wasikiogope. Nguo ikibaki juu ya ngozi hutoa mchakacho wa kumdanganya msikilizaji, kwa hiyo huombwa ifunuliwe kidogo, mgongoni hasa. Mwanamke ana haki ya kuomba mwuguzi wa kike au jamaa yake awepo.

Siku hizi pia hubanwa kidole kwa kifaa kidogo chenye taa, oksimita, kionyeshacho kiasi cha oksijeni katika damu. Kwa mtu mwenye afya huwa 95 na kuendelea. Ikishuka chini ya 90 mgonjwa huhitaji oksijeni. Piko jeusi, rangi ya kucha na vidole vya baridi huweza kukipotosha. Hata rangi ya ngozi yetu: uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni ulipitwa na kifaa hiki kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 kuliko kwa weupe. Ndiyo maana mpimaji hodari haiamini namba peke yake. Humwambia mgonjwa atoe ulimi, kwa kuwa ubuluu wa kukosa hewa kwetu huonekana ulimini na ndani ya midomo.

Maswali yake mengine hukera. Wavuta nini? Jikoni mwapikia kuni? Umewahi kuanza dawa za kifua kikuu ukaziacha? Jibuni kweli. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi ni cha kupimwa kifua kikuu, na hospitali za serikali hupima na kutibu bila malipo. Vumbi la kuchambua karafuu nalo litajwe, maana mpimaji wa mjini huenda hajui makonyo ni nini.

Na wasemao kwamba karafuu katika tumbaku husafisha kifua, twapingana nao, ingawa karafuu ndiyo chakula chetu. Kule Indonesia, walikonunua sana karafuu za Unguja na Pemba, huzitia katika sigara ziitwazo kretek. Husimuliwa kwamba mwanzilishi alikuwa Haji Jamhari wa mji wa Kudus, mwishoni mwa karne ya 19, akitafuta nafuu ya kifua chake. Mafuta ya karafuu hutia ganzi, kama ajuavyo kila mwenye kuumwa jino. Koo lililokufa ganzi halisikii moshi ukiliunguza.

Mwisho, mwenye pumu hupewa dawa ya kuvuta, inhela, na mpimaji humwambia: “Hebu nionyeshe utakavyofanya nyumbani.” Asione ametahiniwa kama mtoto wa chuo, wengi huipulizia ulimini tu. Kwa mtoto mdogo hutakiwa chombo cha kukusanya dawa kabla haijavutwa, na chombo hicho ni ghali. Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuenea mdomo wa inhela barabara, yafaa badala yake. Chupa zenyewe zimejaa pwani yote. Zioshwe na kukaushwa, na mara ya kwanza itobolewe mbele ya mwuguzi, kwani tundu likipwaya dawa yote hutokea pembeni.