Godoro lako ni povu lililoganda

Mwezi huu tunazungumzia kitu ambacho nyumba nyingi hapa kambini zinacho, kipya au kilichochakaa: godoro la sponji. Ukilichungulia mahali palipochanika utaona vitundu vitupu. Kumbe ni povu, kama lile la sabuni, ila lenyewe liliganda.

Kwa nini povu la sabuni halidumu? Maji yaliyo kwenye kuta za viputo yanashuka chini kwa uzito wake, kuta zinakuwa nyembamba, mwisho zinapasuka. Tena kiputo kidogo kina presha kubwa ndani kuliko kikubwa, basi gesi yake inapenya ukuta na kuhamia kwa jirani. Mdogo anakwisha, mkubwa ananenepa! Ili povu liwe kitu kigumu, lazima majimaji yagande kabla ya hayo kutokea. Ni mashindano ya mbio.

Mama zetu wanaooka mikate wanayajua mashindano haya. Hamira inatoa gesi ya kaboni dioksidi, na unga uliokandwa vizuri unavutika kama mpira na kuizuia. Ndani ya tanuri, mkate ukifika nyuzi 60 hivi hamira inakufa, na kuanzia hapo hadi nyuzi 80 unga wenyewe unaganda. Donge likiachwa liumuke kupita kiasi, kuta zinalegea mapema na mkate unanywea katikati. Waliotoka Goma nao wanayakumbuka yale mawe meusi yenye matundu. Ni lava ya Nyiragongo, kama ile iliyoingia mjini Januari 2002, iliyoganda gesi ikiwa bado ndani.

Turudi kwenye godoro. Sponji hii ni ya poliyurethani, plastiki iliyoanzia kwa Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Kiwandani wanachanganya kemikali mbili za majimaji na maji kidogo. Maji yakikutana na mojawapo inatoka kaboni dioksidi, ileile ya mkate, na papo hapo mchanganyiko unaanza kugeuka plastiki. Dakika chache tu, umeumuka na kushika. Karibu na kushika, kuta za viputo zinapasuka, vinabaki vijiti vyembamba vilivyoungana. Ndiyo maana ukilala hewa inatoka, ukiamka inarudi.

Sasa sikilizeni vizuri. Godoro jepesi la namna hii, zaidi ya sehemu 95 kwa 100 ni hewa, na plastiki iliyobaki ni nyembamba mno. Moto unaipata upesi, na hewa ya kuuchochea imo humohumo. Moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi, sumu zinazoweza kumuua mtu aliyelala kabla moto haujamfikia. Kibatari au mshumaa usiwekwe karibu na godoro, na usiachwe ukiwaka watu wakilala. Likishika moto, toeni watoto kwanza, mkiinama chini ya moshi, na msirudi ndani kuchukua vitu.

Na likilowa? Vitundu vyake vimeungana, kwa hiyo maji yanafika hadi katikati. Likamueni kwa kulikandamiza, kisha lisimamisheni kivulini penye upepo. Jua kali la siku nyingi linaligeuza njano, halafu linaanza kumeguka.