Mugongo wako na dakika 10 za yoga

Mutumishi, umerudi nyumbani Lukafu kisha kazi ya masaa mengi. Mutoto anakimbia kukupokea, anataka umunyanyue. Unainama, mugongo unakataa. "Ngoja, baba amechoka." Kama kesho na kesho kutwa ni vile vile, huo si uchovu tu.

Kati ya mifupa ya mugongo kuna kama mito midogo laini. Mito hiyo karibu haina mishipa ya damu. Inapata chakula chake wakati mwili unapojongea: inakandamizwa, inaachiwa, kama eponji ndani ya maji. Lakini wewe unaketi siku nzima katika kamioni inayotikisika, ao unainama kuinua vyuma. Nyama za mugongo zinakaza, na zinabaki zimekaza hata kitandani.

Yoga imetoka Uhindi tangu zamani: ni kunyoosha mwili pole pole pamoja na kupumua vizuri. Haikuombi kuacha dini yako, wala kununua kitu. Mwaka 2017 chama cha waganga wa Marekani, American College of Physicians, kiliitaja kati ya mambo ya kujaribu mbele ya dawa, kwa mugongo unaouma tangu miezi. Hata karibu yetu, Nairobi, Africa Yoga Project inafundisha vijana tangu mwaka 2007.

Tandika mukeka. Piga magoti, weka mikono chini. Inua mugongo kama paka anayeamka, kisha shusha tumbo. Mara 10. Halafu keti juu ya visigino, inama mbele mpaka paji la uso liguse mukeka. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, toa ukihesabu 6. Usilazimishe, maumivu yakizidi, acha. Wewe unayetoka kazi ya usiku, fanya hiyo pumzi mbele ya kulala: moyo unatulia, usingizi unakuja vizuri zaidi.

Bibi yako naye anabeba maji, na mutoto mugongoni. Mufanye pamoja. Watoto watacheka siku ya kwanza; ya tatu watakuwa juu ya mukeka wenu.

Lakini yoga haiondoi mavumbi katika mapafu: maski yako ibaki usoni. Na kama miguu inakufa ganzi ao inakosa nguvu, ao mukojo unakushinda, usijaribu mazoezi. Nenda hopitali siku ile ile.