Mtaji wa Mjumbe katika Riwaya ya Kusadikika

Makala hii inanuia kuwasaidia walimu na watahiniwa kumsoma upya mhusika mjumbe katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka wa 1951. Aghalabu watahiniwa huandika kwamba wajumbe sita, yaani Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, ni wazalendo walioonewa, kisha wakaishia hapo. Jibu hilo si kosa, ila halielezi ni kwa nini watu waliorudi na mambo ya manufaa kwa nchi yao walitiwa kifungoni.

Mwanasosholojia Mfaransa, Pierre Bourdieu, alitofautisha aina za mtaji. Mtaji wa kiutamaduni ni elimu, ujuzi na malezi aliyo nayo mtu. Mtaji wa kijamii ni watu: jamaa, marafiki na wakubwa wanaoweza kumsimamia wakati wa haja. Mwanafunzi wa Ganda au Malindi ataelewa upesi akikumbushwa habari za mshenga. Anayetumwa kuposa sharti ajue kusema na ajue mila. Tena sharti aheshimiwe atokako na aendako. Kimoja kikikosekana, posa imo hatarini.

Wajumbe wa Kusadikika wanacho cha kwanza. Walisafiri pande nne, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa. Kilichowapungukia ni cha pili. Maarifa yao yalihitaji kupokewa na wakubwa wale wale ambao mageuzi yangewapunguzia nguvu, na kila mjumbe alisimama mbele yao peke yake. Mwandishi anaisisitiza hali hii kwa majazi yenye kinaya. Buruhani ni ushahidi ulio wazi, lakini ushahidi ulikataliwa. Kabuli hakukubaliwa, wala Ridhaa hakuridhiwa.

Karama naye, anayeshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, haelekei kuwa na mtetezi. Hata hivyo, anapojitetea anasimulia safari zote sita, moja baada ya nyingine. Wafungwa waliosahauliwa wanageuka kuwa mashahidi wake. Yaliyopuuzwa yaliposemwa na mmoja mmoja yanapata uzito yanapokusanywa mbele ya baraza zima, na hatimaye Karama anaachiliwa. Kwa hivyo, ushindi wake hautokani na ufasaha pekee. Ameutumia ujuzi kujipatia watu.

Mtahiniwa anapoulizwa kuhusu mjumbe katika kazi yoyote, na achunguze mambo matatu: mjumbe anajua nini, nani yuko nyuma yake, na nani atapata hasara akisikilizwa. Akiyajibu kwa mifano kutoka katika matini, hatakuwa ameorodhesha sifa za mhusika tu, bali atakuwa ameeleza jinsi jamii inavyoamua ni ukweli wa nani utakaosikika.