Chumba cha kompyuta: tusizibe njia ya hewa



Wengi wetu tunapita kila siku mbele ya mlango wa chumba cha kompyuta bila kujua kinachofanyika ndani. Humo mna makabati ya chuma, na katika kila kabati seva zimepangwa moja juu ya nyingine. Zinatunza hesabu za mishahara na za bohari. Katika migodi mingi zinatunza pia majina ya watu walioshuka shimoni na vipimo vya hewa na gesi. Zikizimika, wenzetu walio chini wanaweza kuwa hatarini.

Adui wa seva ni joto. Karibu umeme wote unaoingia ndani yake unageuka joto. Kabati linalokula wati 5.000 linapasha chumba sawasawa na majiko matano ya umeme ya wati 1.000, yanayowaka usiku na mchana. Joto likipita kiasi, seva inajizima yenyewe.

Seva inavuta hewa baridi kwa mbele na kuitoa kwa nyuma ikiwa ya moto. Ndiyo sababu makabati yanapangwa mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma, ili hewa hizo mbili zisichanganyike. Hewa inayoingia inafaa iwe kati ya digrii 18 na 27. Kugeuza chumba kuwa friji ni kula umeme bure. Feni ikipunguzwa mwendo kwa sehemu moja ya tano, umeme wake unapungua karibu nusu.

Basi tushike haya:

1. Usiweke kartoni wala meza mbele au nyuma ya kabati.

2. Nafasi tupu ndani ya kabati zifunikwe kwa vibati, la sivyo hewa ya moto inarudi mbele.

3. Mlango ufungwe. Vumbi la kiangazi linaziba vichungi vya hewa; visafishwe kwa wakati.

4. Usiingie na chai wala maji.

5. Mahali ambapo moto unazimwa kwa gesi ya kaboniki, king'ora kikilia toka mara moja. Gesi hiyo haionekani, nayo inaua. Usirudi kuchukua koti.

Ndugu, anayeondoa kartoni moja mbele ya kabati anamlinda mwenzake aliye shimoni.