Virusi Vimefubazwa, Moyo Nao Utunzwe



Wapendwa Waamini, tangu mwaka 2004, dawa za kufubaza makali ya Virusi vya UKIMWI (ARV) zilipoanza kutolewa bila malipo nchini Tanzania, ndugu zetu wengi waliokuwa wamekata tamaa wameinuka vitandani, wamelea watoto wao, na sasa wanawapakata wajukuu. Tunamshukuru Mungu kwa neema hiyo. Hata hivyo, miaka hiyo iliyoongezeka imekuja na jambo jipya. Mtu aliyemeza dawa kwa uaminifu miaka 15, ambaye virusi havionekani tena katika vipimo vyake, anaweza kupatwa na kiharusi akiwa na miaka 50. Familia hubaki ikiuliza: kwani dawa hazikufanya kazi?

Dawa zilifanya kazi yake, yaani kuvizuia virusi. Lakini mwili una mahitaji mengine. Wataalamu wanatueleza kwamba anayeishi na VVU ana hatari inayokaribia mara mbili ya kupata magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, akilinganishwa na asiye na maambukizi. Sababu kuu ni tatu.

Kwanza, hata virusi vinapofubazwa, kinga ya mwili haitulii kabisa. Hubaki kama mlinzi anayekesha pasipo kupumzika. Hali hiyo, ikidumu miaka mingi, huumiza kuta za ndani za mishipa ya damu, na mafuta huanza kuganda humo.

Pili, zipo athari za dawa zenyewe. Stavudini, iliyotumika miaka ya mwanzo, ilivuruga mgawanyo wa mafuta mwilini, hata mashavu ya baadhi ya wagonjwa yakabonyea. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe hatua kwa hatua. Dolutegraviri inayotumika sasa ni bora zaidi, ila baadhi ya watumiaji, hasa wanawake, huongezeka uzito.

Tatu, ni mambo yanayotugusa sisi sote: umri, shinikizo la juu la damu, kisukari, sigara, pombe, chumvi nyingi na kukaa bila mazoezi.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Asikiaye habari hizi anaweza kusema: “Basi, afadhali niache dawa.” Tunasihi kwa upendo: asithubutu. Utafiti wa kimataifa uitwao SMART, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba waliosimamishiwa dawa kwa vipindi walifariki na kuugua moyo, figo na ini zaidi kuliko walioendelea kuzimeza. Virusi vikiachiwa huru, moyo huumia zaidi. Vivyo hivyo, sala ya kuombea wagonjwa haimwagizi mtu kutupa dawa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kuzipokea dawa kama kazi ya Mungu. Na Katekisimu, namba 2288, inatukumbusha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa ili tuzitunze.

Kuzitunza ni nini, basi? Tufikapo kliniki (CTC), tusiridhike kuchukua dawa na kuondoka. Tuombe kupimwa shinikizo la damu, sukari na uzito, na inapowezekana, mafuta katika damu. Shinikizo likifikia 140 kwa 90 na kurudia hivyo, linahitaji tiba, hata kama hatusikii maumivu yoyote. Mwaka 2023, utafiti wa REPRIEVE, uliohusisha watu zaidi ya 7,700 wakiwemo wa Uganda, ulionyesha kwamba dawa ya kupunguza mafuta katika damu ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban theluthi moja. Daktari ndiye wa kuamua nani anaihitaji.

Aidha, tumweleze kila tabibu dawa zote tunazotumia. Dolutegraviri, kwa mfano, huongeza kiwango cha metfomini ya kisukari katika damu. Kwa hiyo kipimo chake hupaswa kuangaliwa. Anayeficha ARV kwa kuogopa kuhukumiwa hujiweka hatarini.

Hofu hiyo ya kuhukumiwa sisi wenyewe tunaweza kuiondoa. Jumuiya Ndogo Ndogo ziwe mahali ambapo hakuna anayenong’onwa. Halmashauri za walei zinaweza kuwaalika wahudumu wa afya wawapime waamini wote baada ya Misa, ili asiwepo anayeonyeshwa kidole. Na katika sherehe zetu, pembeni ya soda na nyama za kukaanga, yasikosekane maji, matunda na mboga za majani.

Ndugu zetu hawa walivuka bonde la mauti miaka ile. Tusikubali wapotee sasa kwa ugonjwa ambao kipimo cha dakika chache kingeufichua. Mungu, mponyaji wa roho na miili yetu, awabariki nyote. Amina.