Mbwa Aliyetuhumiwa

Nilipokuwa ningali mtoto wa chuoni, msimu mmoja wa kaskazi, chawa waliingia vichwani mwetu, na kabla mtu hajauliza nani alilala na nani juu ya jamvi moja, au nani aliazima kofia ya nani, wazee wa mtaa walikwisha kukata shauri kwamba balaa lile limetoka kwa mbwa mmoja wa rangi ya mchanga, aliyezoea kujinyoosha kivulini mwa dau bovu lililopandishwa pwani. Sisi tulinyolewa, yeye alipigwa mawe hata akauhama mtaa, na sikumwona tena. Kila nikimkumbuka mnyama yule huona kwamba alihukumiwa pasipo ithibati, kwa kosa ambalo kwa maumbile hakuweza kulitenda.

Kwani chawa si kama kiroboto, arukaye kutoka kwa paka hadi kwa mbwa na kutoka kwa mbwa hadi mguuni mwa mwenye nyumba, wala si kama kupe, angojaye majanini ili amdandie yeyote apitaye. Chawa hana mbawa, hawezi kuruka, kucha zake zimeumbwa kwa kadiri ya unywele anaoushika, na akitengwa na mwili unaomlisha aghalabu hufa kwa muda wa siku chache. Wataalamu wametambua aina zipatazo 5,000, walio wengi wakikaa katika ndege, na karibu kila aina imefungamana na mnyama mmoja au jamaa zake wa karibu. Tembo ana wake, mwenye mdomo mrefu wa kutoboa ngozi ile nene. Na ngiri ana nduguye chawa huyo, aliyepewa mwaka 1963 jina la Hopkins, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi Uganda. Ama huyu chawa wa kichwani mwa mtoto, ukimtafutia jamaa katika wanyama, utamkuta kwa sokwe. Kwa mbwa humpati.

Hayo hayana maana kwamba chawa wa mbwa ni wa kupuuzwa, maana adha yake ni kubwa kwa yule anayembeba. Wapo wanaofyonza damu, na wapo wanaotafuna magamba ya ngozi na manyoya. Na miongoni mwa hawa watafunaji yumo mmoja amezaye mayai ya tegu, hata mbwa anapojing'ata kwa mwasho humla chawa pamoja na tegu aliyemo. Mbuzi wachanga wakijaa wafyonzaji hukosa damu na kudhoofu, nao kuku wenye chawa hawatulii wala hawatagi vema. Mwenye mbwa na apekue manyoya nyuma ya masikio, shingoni na mgongoni: akiona vijipunje vyeupe vilivyogandamana na unywele, visivyopukutika akipuliza kama zipukutikavyo mba, hayo ndiyo mayai. Na akiyaona kwa wingi, aulize pia mnyama huyo anakula nini na analala wapi, kwa sababu aliye na afya hujikuna na kujilamba akawapunguza, ilhali chawa humzidi aliye na njaa, aliyezeeka, au aliyebanwa na wenzake mahali pachafu.

Dawa zipo kwa mganga wa mifugo, na kuzitumia kwataka hadhari, maana permethrini imfaayo mbwa yaweza kumwua paka wa nyumba hiyo hiyo. Wengi hukosea hapa, kwamba hutia dawa mara moja wakaridhika. Kumbe mayai husalia, nayo huanguliwa baada ya juma moja au mawili, kwa hiyo haina budi kurudiwa. Mbwa wote wa nyumba watiwe siku moja, na malalo yao yafuliwe, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Mimi ni mtu wa pwani, najua hukumu ya mate ya mbwa katika madhehebu ya Shafii. Lakini hukumu ya twahara haikuwa ruhusa ya kudhulumu, na hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa mwenye kiu, Mola akamghufiria, tulisomeshwa chuoni humo humo.

Mwezi uliopita kijana mdogo wa jirani yangu alisimama mlangoni kunitazama nikimpekua mbwa mlinzi wa shamba, na akaniuliza kwa woga, "Babu, hawatanipanda?" Nikamtoa chawa mmoja, nikamweka juu ya karatasi nyeupe, naye akamwangalia anavyojikokota, asijue aendako, mbali na yale manyoya. Alipokwisha kutazama alikuja akamshika mbwa sikio, taratibu, hata nikamaliza kutia dawa. Nami nilikuwa nimekwisha kuisahau tarehe, siku aliponibishia hodi alfajiri: "Shikamoo, babu. Siku kumi na nne zimetimia leo."